Saa Kumi, Uwanda Ukasimama

Mara ya kwanza Mkamburi kumsikia Ndulu akitembea, Ndulu alikuwa maili mbili kutoka pale, amezama katika vichaka vya kijivu ambavyo hata tai angepata taabu kumwona humo. Mkamburi alikuwa amekuja tu kuleta mashati ya Mzungu, yamefuliwa na kupigwa pasi, kwenye hema lililokuwa juu ya kilima cha mawe nje ya Voi. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya kuvaa masikioni, vimeachwa vinanong'ona peke yao. Shwa-shwa, shwa-shwa, shwaa. Akaweka mashati chini, akainama.

"Nani huyu anayechechemea?" akauliza.

Mutiso, mwanajeshi wa Kikamba aliyekuwa akiendesha mitambo ya hapo, alicheka bila kuinua macho. "Hachechemei mtu hapo, mama. Huyo ni Ndulu, na Ndulu hutembea kama mtu aliyeitwa kula."

"Leo anachechemea. Mguu wa kushoto."

Ndulu aliporudi saa sita, mwiba wa mgunga ulikuwa bado umo kisiginoni. Kisigino cha kushoto.

Tangu siku hiyo mashati ya Mzungu yakafuliwa na mtu mwingine, na vibaya, kwa maana Mkamburi alipewa kiti cha turubai na vile vikombe, akawa msikilizaji. Mzungu mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mtaalamu wa mitambo aliyetoka Ulaya na miwani mitatu na kofia moja. Jina lake lilikuwa gumu kutamka, kwa hiyo watu wa Kaloleni, mtaa wa hapo Voi, walimpa jingine: Bwana Masikio.

Mutiso alimweleza Mkamburi kazi ya rada kwa namna yake. "Unaona huo ungo wa chuma? Unatupa sauti ambayo hakuna anayeisikia. Sauti ikigonga jiwe, inarudi vilevile ilivyokwenda, mashine inanyamaza. Ikigonga kitu kinachosogea, inarudi imebadilika kidogo, na ile tofauti ndiyo inayoimba humo kikombeni. Gurudumu hili linakuambia yuko upande gani. Hili dogo linakuambia yuko yadi ngapi. Unaweka kidole kwenye ramani, basi. Umempata, na yeye anajikuna tu huko, hajui."

"Na ni ya kumpata nani?"

"Twiga," akasema Mutiso.

Mkamburi hakuuliza zaidi. Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, na kila mtu alijua ni watu gani waliokuwa wakisakwa misituni huko milimani, mbali na Voi. Alikuwa mjane. Mumewe, Stephen, alikwenda vitani Burma, ikarudi barua. Mtu aliyepata barua ya namna ile hujifunza kuchagua maswali.

Lakini lo, kusikiliza kulikuwa kutamu! Alifumba macho na uwanda wote ukamjia masikioni, kutoka mto Voi uliokauka hadi kule reli ya Taveta inakopotelea kwenye joto. Punda walipita kama mvua nyepesi kwenye majani ya mgomba. Pundamilia walikuwa wanawake wanaotwanga, wengi, kila mmoja na mchi wake. Ndovu hakuwa kishindo hata kidogo, watu hudanganyana. Ndovu alikuwa pumzi, mtu mkubwa anayelala chumba cha pili. Na binadamu, kila mmoja alikuwa na wimbo wake: mwili mmoja unaokwenda, mikono miwili inayokwenda na kurudi, miguu miwili inayobishana. Wale wanaume na wanawake watano walioajiriwa kutembea huko chini ili mashine ipimwe, aliwajua wote kabla hawajamaliza hatua kumi. Bendera nyekundu ikipandishwa kilimani walisimama, ikishushwa wakaendelea. Walisema hawajawahi kuona kazi ya kipumbavu namna hiyo, wakaomba isiishe.

Mashine ilikuwa na ugonjwa wake pia. Mtu akipita kwa ubavu, hakaribii wala haendi mbali, ilimpoteza kabisa, kana kwamba ameingia mlango. Halafu kulikuwa na upepo. Matawi yakiyumba yaliimba nayo, wimbo mzito wa chini, mmmm, uliofunika kila kitu. Bwana Masikio alikuwa na swichi ya kuukata. Akiizungusha, upepo unakatika, na pamoja nao kila kitu kinachokwenda polepole. Hilo ndilo lililomnyima Mzungu usingizi. Mtu wa haraka alimpata. Mtu wa polepole alikuwa upepo tu.

Nyumbani Kaloleni, Mkamburi alikuwa na mtu wa polepole wa kwake.

Mama mkwe wake, Wakesho, alizaliwa Chala, kule ziwani mpakani, akaolewa huku, akamzaa Stephen, akamzika mume, akampoteza Stephen, na sasa akili yake ilikuwa inafunga vyumba kimoja kimoja kama mwenye nyumba anayejiandaa kwa safari. Alikuwa amesahau kwamba mfalme amekufa. Alikuwa amesahau sukari inapowekwa. Kila asubuhi alitia kanga moja na kata ya kuchotea maji ndani ya kikapu, akavuta mkanda wa kikapu hadi kwenye paji la uso, akashika fimbo na kusimama mlangoni.

"Mkamburi, mwanangu. Nakwenda Chala. Nitafika lini?"

"Kesho, mama."

"Basi nitaondoka kesho." Na kikapu kikatuliwa. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka miwili, kwa adabu, na hakuna aliyeumia.

Ila asubuhi ile ya Februari, maziwa yalimwagika juu ya makaa, Mkamburi alikuwa amechelewa, na mlango ulikuwa mwembamba na Wakesho amesimama katikati yake.

"Nakwenda Chala. Nitafika lini?"

"Basi nenda!" Mkamburi akasema. "Nenda, mama! Nani amekushika?"

Wakesho alimtazama kwa mshangao mzuri, kama mtu aliyepewa zawadi, akampisha apite.

Saa saba mchana Hannah, jirani yao, alipanda kilima akihema, kanga imemtoka kichwani. "Mama Wakesho hayupo. Nilidhani amelala. Kikapu hakipo, fimbo haipo. Mfanyakazi wa reli amemwona asubuhi, anafuata reli ya Taveta. Akamsalimia, naye akamwambia, mkwe wangu ameniruhusu."

Mkamburi alivua vikombe vya masikioni. Akaviweka mezani.

Joto la Februari huko uwandani si joto la kuchezea. Maji hakuna hadi Mwatate, na mama yule alikuwa na kata tupu. Juzi tu ndovu walikuwa wamevuka reli. Wala si lazima ndovu: mtu mzee akikaa chini kwenye mchanga ule saa nane, hainuki.

Kaloleni ilitoka yote. Ndivyo walivyo watu wale, mtu akipotea hakuna anayeuliza ni wa nani. Walitoka wanakwaya, walitoka wazee wa msikitini na kofia zao, wakatoka vibarua wa reli na wapishi wa hoteli. Wakajipanga mstari mrefu, wakaingia vichakani wakipiga mikebe na kuita. Ndulu na wenzake walikuwa tayari humo. Kilimani, Bwana Masikio aliugeuza ungo mwenyewe kuelekea reli, akamvutia Mkamburi kiti.

"Sikiliza, mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Tafuta."

Mkamburi akavaa vikombe na karibu avitupe. Watu mia na ushee wanaotembea kichakani! Ilikuwa mvua ya mawe kwenye mabati. Walikuwa wanamtafuta mama kwa moyo wao wote, na kwa moyo wao wote walikuwa wanamfunika.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Aligeuza gurudumu nyuzi moja, akasikiliza, nyuzi nyingine. Aliwasikia wanakwaya, ambao hata kutembea walikwenda kwa mpigo. Alimsikia Hannah, hatua fupi za hasira. Miongoni mwa wote hao palikuwa, au hapakuwa, na mtu mmoja anayekwenda polepole kuliko upepo.

"Wangesimama," akasema. "Dakika chache tu. Wasimame wote, nisikie asiyesimama."

"Pandisha bendera," akasema Bwana Masikio.

"Bendera ni ya Ndulu na wenzake," akasema Mkamburi. " Hawa wengine wataiona wadhani ni shuka ya mtu. Mutiso, watu wote hawa utawasimamisha na nini?"

Mutiso akaangalia nguzo ya hema, ambapo palitundikwa tarumbeta lake, lililobonyea ubavuni, aliloliokoa Burma na kurudi nalo. Jioni alilipiga kuwaudhi fisi.

Lazima ijulikane jinsi mambo yalivyokuwa miaka hiyo. Kila siku saa kumi na mbili jioni, kwenye boma la serikali pale Voi, askari alipiga tarumbeta na bendera ikateremshwa. Na tarumbeta hilo likilia, unasimama. Hata kama umebeba kuni. Hata kama mbuzi wako anaingia shamba la jirani. Unasimama wima, mikono ubavuni, kofia mkononi, hadi sauti ya mwisho. Aliyeendelea kutembea aliitwa ndani akaelezwa heshima ni nini, na maelezo yenyewe yaliandikwa matakoni. Baada ya miaka ya namna hiyo hakuna anayefikiri tena. Tarumbeta likilia, miguu yenyewe inasimama, kichwa kinapewa habari baadaye.

"Wimbo wa bendera ninaujua," akasema Mutiso polepole.

"Ni saa kumi," akasema Mkamburi.

"Ndiyo. Saa kumi. Na kuupiga saa kumi ni kosa, tena kosa la mwanajeshi ni mara mbili."

Wote wawili wakamgeukia Mzungu. Bwana Masikio alivua miwani, akaipangusa kwa shati lililofuliwa vibaya, akachukua muda wake.

"Mimi leo," akasema, "masikio yangu haisikii kabisa."

Mutiso akalitungua tarumbeta, akalamba midomo, akasimama kwenye ukingo wa mwamba. Akapiga.

Sauti ilishuka kilimani kama maji yanayomwagwa, ikatandaa. Na Mkamburi, macho amefumba, akausikia uwanda ukisimama. Haikuwa mara moja. Wa karibu walisimama kwanza, halafu wa mbele yao, kisha wale wa mbali. Mvua ya mawe ikawa manyunyu, manyunyu yakawa matone, tone la mwisho likaanguka, kikawa kimya. Wanakwaya walisimama. Wazee walisimama, kofia mkononi. Hannah alisimama juu ya siafu na hakusogea, jambo alilolieleza baadaye kwa wiki tatu. Mjini Voi, askari wa boma alitoka nje mbio, akatazama jua, akatazama saa yake, akaamini tarumbeta, akaiteremsha bendera ya serikali saa mbili kabla ya wakati.

Mkamburi hakuyajua hayo. Masikioni mwake dunia ilikuwa imeshika pumzi.

Kimya.

"Swichi ya upepo," akanong'ona. "Ifungue."

"Upepo itakuja," Bwana Masikio akasema. "Utasikia matawi tu."

"Mama yangu yuko na upepo. Ifungue, bwana."

Akaifungua. Mmmm, ikaja ile sauti nzito ya chini, matawi yote ya nyika yakijisugua, na Mkamburi akaingia ndani yake kama mtu anayeingia majini hadi shingoni. Aligeuza gurudumu. Migunga. Aligeuza tena. Nyasi kavu. Alisikia kitu kikipumua chumba cha pili, mkubwa, amelala, akampita kwa heshima. Nyuma yake tarumbeta lilifika mwisho, Mutiso akavuta pumzi, akaanza upya kabla ya mtu yeyote kuinua mguu.

Kisha, ndani kabisa ya upepo, palikuwa na kitu kinachojua kinakokwenda.

Upepo huja na kurudi. Hiki kilikwenda tu. Hatua. Hatua. Kijimkono kimoja kikipita kwa urefu wa fimbo. Mkono wa pili haukusikika kamwe, umeshika mkanda kwenye paji la uso. Hatua, hatua, fimbo. Pumziko. Mkamburi aliujua mwendo huo. Aliusikia kila alfajiri kwenye sakafu ya nyumba yake, ukizunguka kati ya kitanda na mlango, na mara ngapi alivuta shuka juu ya kichwa ili asiusikie.

"Yupo," akasema.

Bwana Masikio akainamia namba za gurudumu, akaandika haraka. Akageuza lile dogo. Akafungua mdomo kusema yadi ngapi, na sauti ya zile hatua ikakatika vikombeni.

Mkamburi akavibana vikombe masikioni. Ameanguka? Au njia imepinda, na mama anapita kwa ubavu, ameingia mlango? Kilimani tarumbeta lilipasuka kidogo kwenye noti ya juu. Midomo ya Mutiso ilikuwa imeanza kutoa damu. Aliipiga noti hiyo tena, vibaya vilevile. Huko chini watu walianza kushangaa bendera gani hii isiyoisha kushuka, lakini hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza.

*Mama,* Mkamburi akasema moyoni, *niulize tena nitafika lini, nitakujibu vizuri.*

Hatua. Hatua. Fimbo.

"Yadi elfu tatu na mia mbili," akasema Bwana Masikio. "Ni kijito, hapa, kikavu. Anafuata kijito."

"Ndulu ndiye wa karibu," akasema Mkamburi. " Ashushiwe bendera, yeye peke yake."

Bwana Masikio akaipandisha bendera nyekundu na kuishusha, akaielekeza kushoto, kama walivyofanya kila siku kwenye mazoezi. Katikati ya uwanda uliosimama, Ndulu akaanza kutembea. Mkamburi aliusikia mwendo wake mrefu, wa mtu aliyeitwa kula, ukikata kichaka. Alisikia vishindo vyote viwili sasa, kimoja kirefu, kimoja kifupi. Alitaka kukimbia aende mwenyewe. Lakini akiviacha vikombe hakuna mwingine atakayejua yupi ni upepo, kwa hiyo alikaa, vidole vimebana kiti cha turubai, akatembea nao kwa masikio. Kushoto kidogo, alionyesha kwa mkono, na bendera ikasema kushoto kidogo. Sasa mbele. Vile vishindo vikakaribiana, vikakaribiana, kirefu kikapunguza mwendo kama mtu anayevua kofia mlangoni.

Vyote viwili vikanyamaza.

Hakuna mashine inayoweza kukuambia watu wawili waliosimama wanasema nini. Mkamburi alisubiri. Lilikuwa jambo refu kuliko miaka miwili, na refu kuliko barua.

Hatua. Hatua. Fimbo. Na pembeni yake mwendo wa Ndulu, umekatwa vipande vidogo vidogo ili ulingane, kama jitu linalocheza na mtoto. Vilikuwa vinakuja.

"Nyamazisha hilo tarumbeta, Mutiso," akasema Mkamburi, na ndipo akalia. "Unapiga vibaya mpaka aibu."

Mutiso akafuta mdomo kwa kiganja. "Asante na wewe," akasema.

Wakesho alifika kwenye barabara chini ya kilima amebebwa na Ndulu mgongoni, mkanda wa kikapu bado kwenye paji la uso, akimwelekeza njia. Walimpa maji kidogo kidogo. Alimwona Mkamburi akija mbio na uso wake ukafunguka.

"Mwanangu. Ulisema niende, nikaenda. Lakini nchi ilinyamaza. Hata watu walisimama, mmoja huku, mmoja kule, kama vichuguu. Nikasema, pengine kuna msiba. Nikawapita kimya kimya."

"Hakuna msiba, mama."

"Chala ni mbali siku hizi. Zamani haikuwa mbali hivi. Nitafika lini?"

"Nitakupeleka mimi," akasema Mkamburi. "Kidogo kidogo."

Boma liliuliza maswali siku tatu. Ni nani aliyepiga tarumbeta? Watu mia na ushee wa Kaloleni walijibu kwamba ni askari wa boma, si bendera ilishuka? Askari wa boma, ambaye kweli aliishusha, aliitazama tena saa yake. Bwana Masikio aliandika katika taarifa yake kwamba mashine yaweza kumpata mtu wa polepole, ila tu nchi nzima ikikubali kusimama, akaongeza kwamba hilo ni vigumu kulipanga.

Tangu hapo kila jioni, joto likipungua, Mkamburi na Wakesho walitoka Kaloleni na kikapu chao, wakafuata reli ya Taveta. Walikwenda hadi nguzo ya ishara, siku nyingine mbele yake kidogo. Wakesho alitaja majina ya watu wa Chala waliokuwa wakimngoja, nao walikuwa wengi. Kisha wakageuka.

Jioni ya kwanza tarumbeta la boma liliwakuta njiani. Watu wote walisimama, mikono ubavuni, na miguu ya Mkamburi ikasimama nayo, yenyewe, kama kawaida yake. Wakesho hakusimama. Hatua, hatua, fimbo. Alikuwa amekwenda hatua sita au saba peke yake, mgongo mdogo chini ya mkanda, katikati ya watu wazima waliogeuka vichuguu.

Mkamburi aliutazama mguu wake wa kulia. Aliuinua, kwa shida, kama wa mtu mwingine, akauweka mbele. Halafu wa kushoto. Akamfikia mama, akamshika kiwiko.

Juu kilimani Mutiso alikuwa amebaki zamu, vikombe masikioni, ungo ukitazama reli. Aliusikia uwanda ukinyamaza, kama kila siku. Akasikia vitu viwili, polepole kuliko upepo, havinyamazi. Akatazama karatasi ambayo alipaswa kuandika kila kinachosogea, upande wake na yadi zake, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe cha chai.